Pacha Aliyejazwa Wimbi

Wengi wenu mnaofanya kazi hospitalini leo mnanijua kama yule mama wa chumba cha cherehani, jirani na kliniki, anayefokea watu wanaopangusa viatu kwa mashuka. Nilistaafu mwezi uliopita. Wenzangu wa chumba kile wameniomba niwaandikie niliyoyaona tangu siku ya kwanza, nami nimekubali kwa sharti moja, kwamba wasiniulize nilipanda cheo mara ngapi. Fundi wa hospitali anapanda kiti asubuhi, anakanyaga cherehani, na jioni anashuka.

Nilifika Voi miaka michache baada ya Uhuru, nikitoka nyumbani Wundanyi na cheti cha ushoni cha shule ya misheni. Nilidhani nitashona magauni. Siku ya kwanza nikapewa rundo la mashuka ya kutia viraka. Siku ya pili rundo jingine. Siku ya tatu niliuliza kwa adabu kama hospitali ina kazi nyingine, nikapewa mapazia.

Aliyenipa ni Fundi Salim, mzee kutoka Malindi, mwenye kofia safi kila siku na pini mdomoni hata akinywa chai. Sijui alifanyaje. Mimi nilijaribu mara moja tu nikakoma. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipoona nimeshona gauni la mgonjwa nikaacha fundo la uzi kwa ndani, alilifumua lote mbele yangu.

"Mwanangu Saru," akasema, "nguo ya mgonjwa haitazamwi, yavaliwa. Mshono ukimkwaruza mtu mwenye afya atakuja kukugombeza. Ukimkwaruza mgonjwa atanyamaza. Basi wewe ndiwe umsemee."

Kwake nilijifunza kuweka mishono nje na mafundo nje, na kuhamisha kamba za gauni kutoka mgongoni hadi ubavuni, ili mtu mwenye mkono mmoja mzima aweze kujifunga bila kuita nesi. Haya hayako kwenye cheti chochote. Mkikuta gauni lenye kamba mgongoni, mjue limeshonwa na mtu ambaye hajawahi kulazwa.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Mwanamke wa kwanza kuja kwetu akiwa amekatwa titi alikuwa Mama Mutua, Mkamba mwenye kibanda cha chai kule Miasenyi, pale malori ya Mombasa yanaposimama. Alikuwa amepasuliwa Mombasa kwa sababu ya saratani, akapona kidonda, akarudi kwenye birika lake. Alikuja chumbani kwetu kuuliza kama tunaweza kumpunguzia blauzi upande mmoja. Ndani ya sindiria alikuwa amejaza soksi za mumewe.

"Tatizo ni kwamba zinapanda," akatueleza. "Nikiinama kumimina chai ziko hapa chini, nikisimama ziko shingoni. Juzi dereva mmoja ameniuliza kama nimebeba kuku."

Alicheka mwenyewe kwanza, ndipo na mimi nikapata ruhusa. Fundi Salim hakucheka. Aligeuka akatazama ukuta, akaniambia nimpime mama huyo nimtajie vipimo. Katika maisha yake hakuwahi kumpima mwanamke kwa mkono wake, lakini alikuwa na sikio ambalo likisikia vipimo linamwona mtu mzima mzima. Alikata kitambaa cha marekani laini, akashona kifuko cha mviringo, tukajaza pamba. Pamba nayo ikapanda shingoni kama soksi, maana ni nyepesi mno. Ndipo aliponituma sokoni nikanunue kibaba cha wimbi, hili la kupikia uji.

Mtauliza uzito tulipima kwa kutumia nini. Mama Mutua alishika kifuko kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika lile alilobakiwa nalo. Akafikiri. "Ongeza kidogo," akasema. Nikaongeza vijiko viwili. "Hapo. Hawa sasa ni pacha." Kuanzia siku hiyo jina likawa hilo. Wanawake walikuwa wakija mlangoni kuulizia pacha, na watu waliokaa kwenye benchi la kliniki wakidhani hiki ndicho chumba cha kujifungulia.

Pacha wa wimbi alikuwa na tabia zake. Alikaa alipowekwa, alipata joto la mwili, na hakuna mtu basini aliyeweza kumjua. Lakini baada ya miezi mitatu hivi wimbi liliingiwa na wadudu, au lilisagika likawa unga na kuanza kuvuja. Mama mmoja wa Mboghoni, kule Taveta, alinyeshewa akitoka shambani, hakumkausha vizuri, na siku ya nne pacha akaota. Alimleta vile vile, na majani yake, tukamtoa nje tukawaonyesha manesi wote. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu walirudi kubadilishiwa wimbi, nasi tukawa tunalalamika kwamba hii kazi haina mwisho.

Chumba cha pili, nyuma ya mlango mwembamba, kilikuwa cha Sista Mghoi, nesi kutoka Werugha, mrefu, mwenye sauti ya kuongozea kwaya. Yeye ndiye aliyekabidhiwa wanawake waliopasuliwa. Daktari wa upasuaji alikuwa ameagiza kila mmoja arudi kuangaliwa baada ya kila miezi mitatu, apapaswe kovu na kwapa, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kurudi, na ukirudi ukakutwa ungali mdogo unaweza kukatwa tena. Kadi waliandikiwa. Hawakuja. Kwenye daftari la hospitali mtu alikuwa ameandika mbele ya majina yao neno moja, "mzembe".

Mimi na Fundi Salim tulijua kuwa si uzembe. Mtu anayepimwa nguo huongea. Mmoja alikuwa kibarua wa shamba la mkonge, na siku ambayo hukukata mkonge nafasi yako anapewa mwingine. Yule wa Mboghoni zamu yake ya maji ya mfereji ilikuwa Jumanne, siku ile ile ya kliniki, na ukiikosa zamu ndizi zako zinasubiri wiki nzima kwenye jua la Taveta. Wengine waume zao walikuwa kazini Mombasa au Nairobi, na nyumbani amri ilikuwa ya mama mkwe. Lakini jambo lililowashika wote, hata wenye uwezo, nililisikia kwa mwanamke mmoja aliyeongea huku akitazama dirishani.

"Fundi, nikionekana tu nimeshika ile kadi, kijiji kizima kitasema ugonjwa umerudi. Hata kama haujarudi. Na wakishasema hivyo, hakuna atakayekunywa maji kwenye kikombe changu."

Kwenda kwa fundi hakuna ubaya. Nani hajawahi kwenda kwa fundi? Fundi Salim alilitafakari hilo kwa siku mbili akiwa na pini zake, kisha akabisha mlango mwembamba akazungumza na Sista Mghoi. Tangu hapo ikawa sheria ya chumba chetu: pacha habadilishwi wimbi mpaka Sista apaangalie mahali pa kumlaza. Wanawake waliingia kwa mlango wetu, wakapita kwa ule mwembamba, wakapapaswa, wakarudi kuvaa. Sista naye akaacha kuandika kadi kwa kufuata Jumanne. Wa Mboghoni alimwandikia kwa zamu yake ya maji, na wa mkonge kwa siku ya mapumziko. Yule wa Mboghoni alipata uvimbe mdogo sana kwapani mwaka wa pili, ukakatwa, na ndizi zake hazikukauka.

Fundi Salim alipozeeka akarudi kwao Malindi. Aliniachia mkasi mkubwa, na mimi nikabaki peke yangu na kiburi changu. Ndiyo, kiburi. Nilikuwa nimechoka kuchekwa kwa sababu ya wadudu. Nilitaka kutengeneza pacha ambaye mtu akimvaa amemaliza. Nikatafuta sufi ya kujazia mito kutoka pwani, laini kuliko pamba. Katikati nikaweka kijaruba cha mchanga mwembamba niliouosha mara saba na kuukausha juani, kwa ajili ya uzito. Nikashona kwa mshono mdogo mdogo, safu mbili. Huyo alifulika, alikauka, hakuota, hakuliwa. Wanawake walinishukuru kwa kuku na kwa maharagwe, na metroni alimwonyesha mgeni mmoja kutoka makao makuu ya mkoa. Nilitembea Voi nzima nikiwa nimenyoosha shingo.

Sista Mghoi ndiye aliyenishusha. Siku moja aliingia na daftari lake akaliweka juu ya cherehani yangu, juu ya kazi niliyokuwa nikishona.

"Fundi Saru, wagonjwa wako wako wapi?"

"Wangu? Si wako?"

"Walikuwa wangu walipokuwa na wadudu. Sasa mwaka mzima nimewaona watatu. Wengine umewaponyesha?"

Nilipitisha kidole kwenye lile daftari, jina baada ya jina. Nilikuwa nimewashonea kitu kizuri kiasi kwamba hawakuwa na sababu tena ya kutoka nyumbani. Wa kwanza kupewa yule wa sufi alikuwa Wakio wa Mbololo, mama wa watoto wanne, mwenye mume karani wa reli Mombasa. Alikuwa amekosa kuja mara nne mfululizo. Mara mbili za kwanza Sista alimtumia ujumbe kupitia kanisani, na jibu lilikuwa lile lile: mwambieni fundi pacha yuko salama, Mungu ambariki.

Niliomba ruhusa siku ya Alhamisi nikaenda Mbololo. Nilimkuta Wakio shambani akichuma kunde, mnene kidogo kuliko nilivyomwacha, mchangamfu, akaacha kikapu akaja kunisalimu kwa mikono miwili. Nilifurahi. Nilijiambia Sista anapenda kutisha watu. Tukaketi barazani, mama mkwe wake akatuletea chai, mwanamke mdogo wa umbo lakini akipita kuku wanampisha. Alipoondoka, Wakio akainamia sikio langu.

"Afadhali umekuja. Sikutaka kukuvunja moyo, lakini huyu pacha wako ameanza kunifinya. Nimemrekebisha mwenyewe."

Akanipa. Nilimgeuza nikaona upande wa ndani mshono wangu umefumuliwa na kushonwa tena kwa uzi wa buluu. Alikuwa ametoa sufi kidogo mahali pamoja akaacha shimo, dogo, la mviringo, lenye upana wa kidole gumba. Alikuwa amelifanya kwa ustadi. Mimi nimesoma vipimo vya miili ya watu kwenye vitambaa maisha yangu yote, na pale sikuhitaji kumwomba afungue blauzi. Pacha hakuwa amebadilika. Kifua kilichokuwa bapa ndicho kilichokuwa kimeota kitu, na Wakio, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa kazi yangu, alikuwa amekitengenezea mahali pa kukaa.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilimwambia twende Voi kesho, Sista amwangalie. Uso wake ukajifunga palepale.

"Siendi. Kunde ziko shambani. Na nikienda, huyu mama na mlima mzima watasema umerudi. Mume wangu ataandikiwa barua kabla sijafika stendi. Wewe nirekebishie tu pacha."

Nilimwomba, nikamwomba tena, akatikisa kichwa. Mama mkwe akatokea na birika akatutazama mmoja baada ya mwingine. Sijui ni nini kilichonijia. Nilisimama, nikamwinua yule pacha juu, mahali ambapo hata majirani wawili waliokuwa wakipita wangemwona, nikasema kwa sauti ya Sista Mghoi:

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Hii kazi nimeiharibu mimi. Nimeshona vibaya, inamuumiza mkwe wako, na haiwezi kurekebishwa hapa. Inataka vifaa vyangu vya Voi, na lazima yeye mwenyewe awepo nimpime upya."

Jamani. Yule mama aliweka birika chini ili apate mikono yote miwili. Alinisema kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, akahamia Kiswahili ili na serikali isikie, akarudi Kidawida. Aliuliza kama serikali huniajiri nikiwa macho. Aliuliza nani alinidanganya kwamba najua kushika sindano. Majirani waliongezeka wakawa sita, na mmoja akakumbuka kwamba hata kaptula ya mtoto wake iliyoshonwa Voi ilipasuka siku ya sikukuu, ingawa kaptula hiyo mimi sikuijua. Nilisimama na kuinamisha kichwa. Mwishowe mama akamgeukia Wakio.

"Kesho uende naye, na usirudi mpaka amemaliza. Akikuharibia tena, mimi mwenyewe nitashuka huko. Kunde nitachuma mimi."

Wakio alinitazama. Aliingia ndani kufunga nguo zake.

Kesho yake, Voi, Sista Mghoi alimpapasa kwa muda mfupi tu, akaniita kwa kidole. Siku chache baadaye Wakio alikuwa Mombasa akipasuliwa mara ya pili, na kutoka huko alipanda garimoshi kwenda Nairobi kuchomwa kwa miale, wiki nyingi. Mimi nilikuwa nikishona mashuka huku nikihesabu siku, na nilishona mengine mara mbili kwa kutokuwa na akili. Sitawaficha kwamba nilijilaumu. Daktari alisema tulifika ugonjwa ungali mahali pamoja, na kwamba baada ya miezi michache zaidi asingekuwa na la kufanya. Kule Mbololo ilijulikana kwamba Wakio yuko kwa ndugu yake Nairobi, akisubiri yule fundi mjinga wa Voi amalize kazi. Mpaka leo kuna nyumba kule ambazo zikitaka kushonewa nguo huteremka mpaka Mombasa.

Wakati huo wote nilifumua. Kila pacha wa sufi niliyeweza kumpata nilimwita arudi, nikisema kuna kasoro, nikatoa sufi na mchanga, nikajaza wimbi. Wimbi lenyewe makusudi sikulikausha sana, ili lisipitishe miezi mitatu. Wanawake walinung'unika kwamba siku hizi kazi ya fundi imeshuka, na metroni mpya, ambaye hakujua habari hizi, aliniita ofisini akaniuliza kwa upole kama macho yangu yako sawa. Nikamjibu kwamba yako sawa, ni wimbi la siku hizi. Mlango mwembamba ukaanza kufunguka tena. Si wote tuliowaokoa. Mama Mutua wa Miasenyi alikuja kila miezi mitatu bila kukosa, na bado ugonjwa ulimpata mifupani, ambako mkono wa Sista haufiki. Nilimshonea pacha mpya wa kuzikwa naye, kwa sababu aliniomba, na bado namlilia nikiona birika kubwa la chai.

Wakio alirudi kutoka Nairobi amekonda, akanenepa tena, akakuza watoto wanne na kumtunza mama mkwe mmoja uzeeni. Kila baada ya miezi mitatu alikuja na mfuko wake wa kitambaa. Hatukuwahi kuizungumzia ile siku ya barazani. Alisema pacha amechoka, nami nikasema hebu nimwone, akapita mlangoni kwa Sista, na baada ya Sista Mghoi kustaafu akapita kwa masista waliomfuata. Ilikwenda hivyo miaka kumi na kitu.

Katika wiki yangu ya mwisho nilikuwa nikimwachia kazi Dorcas, fundi mpya, msichana hodari aliyesomea Nairobi. Nilikuwa bado sijamweleza habari ya wimbi, kwa sababu nilikuwa natafuta maneno. Wakio akaingia. Dorcas alimpokea yule pacha, akaona wadudu, akashtuka. Alikimbilia kabati lake akatoa kipya, cha sponji, kilichotengenezwa kiwandani, kizuri ajabu, akamwekea mkononi.

"Mama, pole sana, umeteseka miaka hii yote! Chukua hiki. Kinafulika, hakiingii wadudu, kitakaa miaka kumi bila wewe kuhitaji kurudi hapa."

Nilifungua mdomo. Wakio alikuwa ameshakibonyeza kile cha sponji mara mbili, kwa heshima, kama mtu anayechagua nyanya asizokusudia kununua. Akamrudishia.

"Asante, mwanangu. Ni kizuri sana," akasema. "Lakini mimi nipe yule anayeharibika."

Hakunitazama. Alivua koti, akafungua vifungo viwili vya juu vya blauzi, akaenda mwenyewe kubisha ule mlango mwembamba.